Italia wanauza jiko, shamba linabaki shamba

KILO moja ya unga wa ngano na mayai 10. Kwa desturi ya wapishi wa maeneo mengi ya Italia, kila yai hukandwa na gramu 100 za unga, na kipimo hicho hutoa tambi za kumtosha mtu mmoja. Kwa hiyo kilo moja na mayai 10 ni mlo wa watu 10.

Mkulima akivipeleka vitu hivyo sokoni, iwe Italia au Kariakoo, atarudi nyumbani na fedha ya mboga. Lakini katika mashamba ya mkoa wa Toscana, unga huo huo na mayai hayo hayo huleta kipato cha aina nyingine kabisa. Mgeni huitwa jikoni, huvalishwa aproni, huelekezwa namna ya kukanda, kusukuma na kukata, kisha hukaa mezani kula alichokipika mwenyewe.

Ada ya darasa la siku moja la namna hiyo mara nyingi huvuka euro 100 kwa mtu. Wanafunzi 10 ni zaidi ya euro 1,000, na kazi ya kukanda wameifanya wao.

Kucheka ni rahisi. Mtu amepanda ndege, amelipa nauli, amelipa malazi, kisha analipa tena ili apewe kazi ambayo binti wa kijijini huifanya kila siku bila hata kuambiwa asante. Hata hivyo, anayecheka bila kupiga hesabu ndiye anayebaki na gunia lake mlangoni akimsubiri mlanguzi.

Maswali ya kujiuliza ni mawili. La kwanza, ni kitu gani hasa kinachouzwa pale? La pili, fedha ile inaingia mfuko wa nani? Wengi wanaotamani kuiga biashara hii huishia kwenye swali la kwanza. Waitaliano walilazimika kujibu yote mawili, na jibu la pili walilitungia sheria.

Shamba la Regaleali

Mfano unaofaa kuangaliwa uko katika kisiwa cha Sisilia, bara kabisa, mbali na fukwe zinazopendwa na watalii. Huko kuna shamba liitwalo Regaleali, mali ya familia ya Tasca d'Almerita tangu mwaka 1830. Lilipokuwa kubwa lilifikia hekta 1,200 za ngano, mizabibu, mizeituni na malisho ya kondoo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wasio na ardhi wa Sisilia walivamia mashamba ya makabaila wakidai haki yao. Mwaka 1950 serikali ya kisiwa hicho ilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi, na mashamba makubwa yakakatwa na kugawiwa. Regaleali nayo ilipunguzwa, ikabaki na takriban hekta 500.

Familia ile ilikuwa na njia mbili. Kukaa na kulalamikia hekta zilizokwenda, au kuzifanya zilizobaki zizae thamani zaidi. Walichagua ya pili. Badala ya kuuza zabibu na mvinyo wa mapipa usio na jina, waliingia kwenye mvinyo wa chupa wenye jina la shamba. Ule mashuhuri kuliko yote, Rosso del Conte, ulianza na mavuno ya mwaka 1970.

Kisha mwaka 1989 mmoja wa mabinti wa familia hiyo, Anna Tasca Lanza, alifungua shule ya upishi katika nyumba za zamani za shamba, mahali paitwapo Case Vecchie, maana yake hasa "nyumba za zamani". Hakujenga hoteli ya ghorofa. Alichukua jiko lililokuwapo, bustani iliyokuwapo, na elimu iliyokuwapo.

Elimu hiyo ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na mapishi ya mezani kwa makabaila, yaliyotunzwa na wapishi wa kiume walioitwa monzù, neno lililotokana na jina la heshima la Kifaransa kwa bwana. Mpishi wa familia hiyo, Mario Lo Menzo, alihesabiwa kuwa miongoni mwa wa mwisho wa ukoo huo wa kazi. Na kulikuwa na mapishi ya watu wa shambani wenyewe: wachungaji, wavunaji na wake zao.

Anna alifariki dunia mwaka 2010. Binti yake, Fabrizia Lanza, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya makumbusho na historia ya sanaa, alikwisharudi nyumbani na kuishika shule. Mwaka 2016 alianzisha kozi ya wiki kadhaa, ambayo wanafunzi hujifunza chakula kuanzia udongoni hadi sahani. Jina lake ni Cook the Farm, yaani "lipike shamba".

Jina hilo linajieleza. Pale hakuna anayekwenda kujifunza kukoroga sufuria tu. Kinachopikwa ni shamba zima.

Mabaki yanapogeuka somo

Mwenye kuitazama ratiba ya mashamba ya namna hii ataona jambo ambalo mkulima yeyote atalielewa upesi. Vitu vinavyofundishwa kwa fahari kubwa ni vile ambavyo zamani vilikuwa mabaki, ziada au chakula cha kuhofia njaa.

Mchungaji akishagandisha maziwa ya kondoo na kutoa jibini, hubaki maji ya rangi ya kimanjano. Mahali pengi duniani maji hayo humwagwa au hupewa nguruwe. Msisilia huyarudisha motoni, huyapasha hadi karibu na kuchemka, na mapande meupe laini huelea juu. Hayo huopolewa na kuliwa yangali na moto. Huitwa ricotta, maana yake "iliyopikwa tena". Wageni huamshwa mapema ili wakashuhudie mchungaji akiifanya kazi ambayo angeifanya hata kama wao wasingekuwapo.

Mwezi wa Agosti ni zamu ya nyanya. Jua la Sisilia wakati huo ni kali, na nyanya hushuka kwa wingi kuliko watu wanavyoweza kula. Huchemshwa, huchujwa maganda na mbegu, hutiwa chumvi, kisha rojo lake hutandazwa juu ya mbao kubwa juani. Hugeuzwa na kukusanywa kila mara, siku baada ya siku, mpaka libaki donge zito lenye rangi ya damu ya mzee. Ni ndugu wa ile inayouzwa madukani Afrika Mashariki kwa jina la nyanya ya kopo, ila hii imepikwa na jua.

Mkulima wa Ilula mkoani Iringa anajua vema maana ya nyanya kushuka zote kwa mpigo. Tenga lililokuwa na bei nzuri mwezi uliopita halinunuliki tena, na nyingine huozea pembeni mwa barabara kuu. Msisilia hakuwa na dawa ya bei. Alikuwa na mbao, chumvi na jua. Leo kuna watu wanaolipa ili washike upawa na kuzitandaza nyanya hizo pamoja naye.

Toscana hali ni hiyo hiyo. Supu ya ribollita, saladi ya panzanella na uji mzito wa pappa al pomodoro vyote vinasimama juu ya kitu kimoja: mkate uliokauka. Familia ilioka mara moja kwa siku kadhaa, na mkate ukiwa mgumu haukutupwa. Ulilowekwa, ukachanganywa na kabichi nyeusi, maharage, nyanya au mafuta ya zeituni, ukaliwa. Kiporo, kwa lugha nyepesi.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Kinachouzwa si tambi wala mkate, maana vyote viko dukani kwa bei ndogo. Kinachouzwa ni shamba linalofanya kazi, pamoja na mtu anayejua kwa nini kila jambo hufanywa vile linavyofanywa. Mgeni akiondoka hubeba chupa ya mafuta, kasha la mvinyo na mtungi wa nyanya, navyo vimeuzwa kwa bei ya rejareja, palepale getini, bila lori, bila ushuru wa soko na bila dalali.

Nani alikuwa anakula nini

Lakini historia ya chakula hicho si tamu kama kinavyoonjwa leo, na msomaji mkulima anastahili kuambiwa.

Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana yaliendeshwa kwa mkataba wa nusu kwa nusu, ulioitwa mezzadria. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa mikono, kuanzia babu hadi mtoto. Mavuno yaligawanywa katikati. Nusu ya mwenye ardhi ilikwenda mjini kuuzwa, na nusu ya mkulima ililazimika kulisha watu 10 au 15 mwaka mzima. Mkate mkavu uliingia kwenye supu kwa sababu hiyo.

Ugomvi juu ya mgawo huo haukuisha kirahisi. Baada ya vita, fungu la mkulima lilipandishwa hadi asilimia 53. Mwaka 1964 sheria nyingine ililipandisha hadi asilimia 58 na kupiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Mwaka 1982 ikaja sheria ya kuigeuza mikataba iliyosalia kuwa ya kodi ya kawaida.

Bara la Sisilia lilikuwa na adha yake. Makabaila wengi waliishi Palermo, wakakodisha mashamba yao kwa watu wa kati walioitwa gabelloti. Hao nao waliyagawa vipande vipande na kuwakodisha wakulima maskini kwa masharti magumu. Aliyeshika jembe hakumjua mwenye ardhi, na mwenye ardhi hakumjua aliyeshika jembe. Aliyenenepa ni yule aliyesimama katikati yao.

Wakati mikataba hiyo inakufa, vijana walikuwa wamekwishaondoka. Viwanda vya Milano na Torino viliwaita, na wengine walikwenda Ujerumani na Ubelgiji. Nyumba za mawe zilizokuwa zikilaza familia kubwa zilibaki tupu, mapaa yakaanguka, mizeituni ikamea kichaka.

Ndiyo maana ni kosa kuiona biashara hii kama mchezo wa matajiri tu. Ilizaliwa katika vijiji vilivyokuwa vinakufa. Chama cha kwanza cha kuwaunganisha wakulima wanaopokea wageni, Agriturist, kilianzishwa mwaka 1965, wakati mashamba yalikuwa yakikimbiwa. Lengo lilikuwa kumpa mkulima sababu ya kutoondoka.

Sheria inasema nini

Mwaka 1985 Italia ilitunga sheria ya kwanza ya taifa kuhusu utalii wa mashambani, ambao kwao huitwa agriturismo. Mwaka 2006 iliiboresha kwa sheria nyingine, namba 96. Ni sheria hii ambayo wapenda kuiga wanapaswa kuisoma kabla ya kununua aproni.

Sheria hiyo inasema anayeruhusiwa kuendesha agriturismo ni mkulima, kwa kutumia shamba lake mwenyewe. Mtu asiyelima anaweza kufungua hoteli au mgahawa, lakini hawezi kujiita jina hilo. Shughuli za wageni, yakiwamo malazi, chakula, kuonja mvinyo na mafunzo, lazima ziungane na kilimo, na kilimo lazima kibaki ndiyo kazi kuu.

Mamlaka za mikoa zimepewa kazi ya kupima jambo hilo, na kipimo kikubwa ni saa za kazi. Muda unaotumika shambani unalinganishwa na muda unaotumika kwa wageni. Chakula kinachowekwa mezani nacho kinatakiwa kitokane kwa sehemu kubwa na shamba lenyewe na mashamba ya eneo hilo. Mtu hawezi kununua kila kitu kwenye duka kubwa, akakipanga kwenye kikapu na kudai kimetoka bustanini.

Kuna kifungu kimoja ambacho mkulima mdogo atakipenda. Mwenye shamba anayepokea na kulisha wageni wasiozidi 10 huhesabiwa moja kwa moja kuwa kilimo ndicho kazi yake kuu, bila kupigiwa hesabu ndefu za saa. Yaani sheria imemfungulia mlango yule mwenye meza moja, jiko moja na mke au mume wa kumsaidia. Aidha, watu wa familia wanatambuliwa kuwa wafanyakazi halali wa shughuli hiyo.

Leo mashamba yenye kibali cha agriturismo nchini Italia ni zaidi ya 25,000, na Toscana ndiyo inayoongoza kwa wingi. Si yote yana majumba ya kihistoria. Mengi ni ya familia za kawaida.

Zipo hoja za kupinga, na si za kudharau. Mtu anaweza kusema Regaleali ilikuwa na jina, ilikuwa na mvinyo, ilikuwa na jumba la zamani, na mwenye nayo alikuwa mtu wa ukoo wa kikabaila. Mfano mwingine mashuhuri, Badia a Coltibuono katika eneo la Chianti, ilikuwa abasia ya watawa tangu karne ya 11 kabla ya kununuliwa na tajiri wa benki wa Firenze mwaka 1846. Lorenza de' Medici, aliyeolewa katika familia inayoimiliki, alipoanza kufundisha upishi pale katika miaka ya 1980, jina lake tu lilikuwa tangazo.

Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba jumba kubwa huvuta watu wa kwanza na kuandikwa kwenye magazeti. Lakini mtaji wa jumba haufundishi mtu kukanda unga. Anayefundisha ni mtu mwenye mikono iliyozoea. Na nje ya lango la majumba hayo makubwa, wakulima wadogo walijifunza upesi kwamba mgeni aliyekuja kwa ajili ya jumba atafurahi zaidi mezani kwa mama mwenye kuku 20 na mizeituni 100, maana huko ataitwa kwa jina.

Ubaya mmoja unabaki. Elimu ya kiporo na ya nyanya za juani ilikuwa ya wakulima wa nusu kwa nusu na vibarua. Walioondoka kwenda viwandani waliiacha, na aliyebaki na nyumba ndiye aliyebaki na cha kuuza. Mjukuu wa mwenye kuvumbua ile supu huenda leo anainunua kama mgeni. Hilo ni onyo kwa kila kijiji ambacho vijana wanaona aibu juu ya chakula cha bibi zao.

Wageni ni wale wale

Suala hili halipo mbali na Afrika Mashariki kama linavyoonekana. Waitaliano wamekuwa wakija Malindi, Watamu na Zanzibar kwa miaka mingi. Mtu anayekunja mikono kukanda unga Toscana ndiye huyo huyo anayeketi kwenye mbuzi kukuna nazi Kizimbani.

Tena biashara yenyewe imekwishaanza. Huko Unguja, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi hupokea wageni wanaonusa karafuu, kumenya mdalasini, kuonja iliki na kutazama kijana akipanda mnazi. Materuni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, wageni hutwanga kahawa kwenye kinu, huikaanga motoni, huisaga na kuinywa wangali kihambani. Mpango wa utalii wa kiutamaduni wa Tanzania, unaohusisha vijiji kama hivyo, ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa. Watu wanajua kuwa shamba lenyewe linauzika. Lililobaki bila jibu la kuridhisha ni swali la pili: fedha inaingia mfuko wa nani?

Mahali pengi mgeni hulipa hotelini au kwa wakala wa safari. Wakala humlipa dereva na mwongozaji. Mwenye mkarafuu hupewa kinachobaki, au husubiri bahasha ya hiari na kuuza paketi mbili tatu za viungo mwisho wa ziara. Hana bei iliyoandikwa, hana mkataba, na mara nyingi hajui mgeni amelipa kiasi gani. Ni gabelloto wa Sisilia amerudi, safari hii akiendesha basi dogo lenye kiyoyozi.

Wakala si adui. Anatangaza, anasafirisha, anazungumza lugha ya mgeni, na anastahili malipo yake. Lakini yeye anauza kitu ambacho asiye naye hawezi kukitengeneza. Mawakala wanaweza kuwa 100, mkarafuu wa miaka 50 hauwezi kuotesha mwingine kwa msimu mmoja. Mwenye kitu kisichopatikana kwingine anapokubali kuwa wa mwisho kulipwa, tatizo si soko. Tatizo ni kwamba hajakaa mezani kupanga bei.

Ni vema halmashauri, vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima vikachukua kwa Waitaliano si mapishi bali kanuni zao. Kwanza, anayeitwa mwenyeji wa ziara ya shamba awe mkulima wa shamba hilo. Pili, kinachopikwa na kuonjwa kitoke humo au kwa majirani, ili jirani naye auze mchicha wake. Tatu, mwenye meza ya watu 10 asiwekewe mlolongo wa vibali na tozo kama mwenye hoteli ya vyumba 100. Nne, ada ya mkulima iandikwe na ilipwe kabla mgeni hajashika kinu.

Jembe lisitundikwe

Upo pia mtego ambao ndio ulioifanya Italia isisitize kwamba kilimo kibaki mbele. Fedha ya wageni huja haraka kuliko ya mavuno. Mkulima akionja msimu mmoja mzuri, hushawishika kuacha palizi. Baada ya miaka miwili mibuni imezeeka, shamba limebaki mapambo, na kahawa anayowatwangisha wageni ameinunua mjini. Mgeni si mjinga, hilo huliona.

Zaidi ya hapo, wageni hawana dhamana. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga mipaka, madarasa ya upishi Italia yalisimama kwa siku chache tu za taarifa. Mwenye shamba linalozaa alibaki na mafuta, jibini na mvinyo wa kutafutia wateja wengine. Aliyekuwa amebakiza jiko la maonyesho tu alibaki na masufuria yake.

Gharama nazo zisisahaulike. Darasa la upishi linataka maji safi ya uhakika, choo kisichotia aibu, mahali pa kunawia mikono, vyombo vya kutosha, na utaratibu wa kuzuia chakula kisimdhuru mtu. Mgeni mmoja akiugua, jina la kijiji kizima huchafuka. Mkulima asiyekuwa na vitu hivyo aanze navyo kabla ya kuanza na bango. Hapo ndipo ushirika una maana: familia 10 zinaweza kujenga jiko moja la kisasa na kupokea wageni kwa zamu, wakati hakuna hata moja inayoweza kulijenga peke yake.

Kuna na suala la wanawake. Kihambani kama Toscana, anayejua jiko ni mama. Darasa likianzishwa na fedha ikapokewa na baba kwa sababu yeye ndiye mwenye hati ya shamba, mwalimu wa kweli atachoka mapema na darasa litakufa. Anayeshika mwiko awe na fungu lake linalojulikana, lisiwe la kuombwa.

Mwisho, elimu yenyewe inahitaji kutunzwa kama mbegu. Mtori, makande, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina na mbege vina watu wanaovijua kwa kipimo cha kiganja na harufu. Regaleali ilikuwa na bahati kwamba binti alirudi nyumbani wakati mama yake angali hai, akasimama naye jikoni, akapokea. Palipokosekana wa kurudi, jiko lilizima na nyumba ikauzwa kwa mgeni.

Wakulima wa Afrika Mashariki hawana majumba ya karne ya 11, na hawayahitaji. Wanacho kihamba, wanao mkarafuu, wanacho kinu, na wanao akina bibi ambao bado wana nguvu za kufundisha. Mgeni naye ameshafika mlangoni. Lililobaki ni mwenye shamba kutoka nje, kumkaribisha yeye mwenyewe, na kumtajia bei kabla ya mtu mwingine kuitaja kwa niaba yake.